Ardhi Iliyopumzishwa Ina Mwenyewe: Somo la Ngitili za Shinyanga

Katika hotuba, mikataba na mipango ya maendeleo ya nchi yetu kuna maneno mawili yanayotamkwa kwa wepesi mno: ardhi isiyotumika. Mwekezaji anayetafuta mahali pa kulima miwa au alizeti huahidiwa ardhi isiyotumika. Siku hizi hata anayetaka kurejesha misitu ya asili, ili miti ifyonze hewa ukaa na vyanzo vya maji vipate kivuli, huanza kwa kuulizia mashamba yaliyoachwa bila kulimwa. Mwaka 2018 Tanzania yenyewe iliahidi kurejesha uoto katika hekta milioni 5.2 chini ya mpango wa Afrika ujulikanao kama AFR100. Ahadi hiyo ni njema, na hali ya mazingira yetu inaidai. Lakini kabla hatujauliza ni miti gani irudi, hatuna budi kuuliza swali la kihistoria: ardhi hiyo haitumiki kwa macho ya nani, tangu lini, na kwa sababu gani?

Mkoa mmoja wa nchi hii umekwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo. Shinyanga, ambayo hadi mwaka 2012 ilizijumuisha pia wilaya za Maswa, Meatu na Bariadi zilizo sasa katika Mkoa wa Simiyu, ilipoteza miti yake kwa zaidi ya nusu karne, kisha ikairudisha kwa kiwango ambacho mahali pachache barani Afrika pamewahi kukifikia. Watunga sera hupenda kuitaja kama hadithi ya upandaji miti. Naamini hadithi yenyewe ni ya mamlaka: nani anaamua ardhi ipumzike, na nani anahakikishiwa kwamba atakapoipumzisha haitachukuliwa.

Pori lililozaliwa na msiba

Wengi wetu hudhani kwamba historia ya misitu ya Afrika ni mstari ulionyooka: hapo kale miti ilijaa, watu wakaongezeka, miti ikaisha. Usukuma haukufuata mstari huo. Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1977 kwamba jamii za Tanganyika ya karne ya 19 zilikuwa zimeyamudu mazingira yao. Kilimo, malisho na moto uliowashwa kwa majira yake viliweka mpaka kati ya makazi ya watu na pori la mbung'o. Wanahistoria wengine wamebishana naye, hasa juu ya idadi ya watu wa zama hizo, lakini mfuatano wa matukio aliouonyesha haukwepeki. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia na kuangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Zikafuata ndui, funza, njaa na vita vya kuitwaa nchi. Mifugo ilipokwisha na watu walipopungua, vichaka vilirudi katika malisho na mashamba ya zamani. Mbung'o wakarudi navyo, wakaleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu.

Pori walilolikuta maofisa wa Kiingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza lilikuwa, kwa sehemu kubwa, alama ya uchumi uliokwisha kufa. Wao waliliona kuwa ndiyo hali ya asili ya Afrika. Kosa hilo la kusoma mandhari bila kusoma historia yake tutakutana nalo tena mbele.

Kwa mfugaji wa Kisukuma wa kizazi kile, msitu uliorudi wenyewe ulikuwa adui. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya wanaharakati wetu huzungumza kana kwamba kila mti ni neema popote ulipo. Charles Swynnerton, aliyeongoza idara ya wanyamapori na baadaye kuwa mkurugenzi wa kwanza wa utafiti wa mbung'o Tanganyika, aliifanya Shinyanga kuwa kitovu cha kazi yake. Tangu miaka ya 1920 maelfu ya watu walikusanywa kupitia watemi wao ili kufyeka vichaka na kumnyima mbung'o kivuli. Eneo baada ya eneo likawa wazi, na ng'ombe wakaongezeka tena.

Pamba ikafuata njia ya shoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili Usukuma ukawa moyo wa zao hilo nchini, na mashamba yakapanuka hadi katika maeneo yaliyokuwa malisho. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Dola ile ile iliyohimiza kufyeka sasa iligundua mmomonyoko wa udongo, na dawa yake ikawa amri: punguza mifugo, lima kwa matuta, usikate hapa, usilishe pale, na atakayekaidi alipe faini. Wakulima walizichukia sheria hizo ndogo, na chuki yao ikawa mojawapo ya chemchemi za siasa za uhuru katika Kanda ya Ziwa. Serikali ilikataa kuyasajili matawi ya TANU huko Usukuma tangu 1954 hadi 1958. Hifadhi ya ardhi ilikuwa imegeuka kuwa jina jingine la utawala wa kigeni.

Ngitili ilikuwa nini

Chini ya amri hizo zote kulikuwa na maarifa ambayo hayakuandikwa katika gazeti lolote la serikali. Mvua zilipoanza, familia ya Kisukuma ilitenga sehemu ya ardhi yake na kuizuia mifugo isiingie. Nyasi zilikua, zikakomaa, zikakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kilipokaza na malisho ya wazi kuisha, eneo hilo lilifunguliwa kidogo kidogo, hasa kwa ndama, ng'ombe wagonjwa na wale waliokwisha zeeka wasioweza kulifuata kundi mbali. Eneo hilo ndilo liitwalo ngitili. Ziko ngitili za familia, mara nyingi za ekari chache tu, na ziko za jumuiya, zilizo kubwa zaidi.

Utaratibu huu ulisimama juu ya ujuzi wa kina wa ardhi. Wasukuma wana majina ya udongo kwa kadiri mtu anavyoshuka kutoka kilimani hadi bondeni: luseni wa kichanga, itogolo mgumu, ibushi wenye chokaa, hadi mbuga nyeusi ya mfinyanzi. Mkulima alijua ni udongo upi ulimwe mwaka huu na upi uachwe. Mgeni aliyepita katikati ya masika angeona eneo lisilo na jembe wala ng'ombe, akaandika katika daftari lake: halitumiki. Mwenyewe alijua kwamba pale ndipo alipoiweka akiba ya miezi ya Septemba na Oktoba.

Akiba hiyo ilivunjwa na sisi wenyewe baada ya uhuru. Mkutano mkuu wa TANU wa mwaka 1973 uliamua kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Operesheni hiyo ilifika Shinyanga mwaka 1974. Yapo mema yaliyoletwa na vijiji, ikiwemo shule na zahanati, na sina haja ya kuyakana. Lakini familia iliyohamishwa iliiacha ngitili yake nyuma. Isingeweza kuilinda kwa mbali, na iliyemkuta huko mpya hakuwa na sababu ya kuiheshimu. Kanuni za kienyeji zilizoilinda ngitili ziliegemea ujirani wa miaka mingi. Ujirani ulipovunjwa, kanuni nazo zikaanguka. Malisho yakawa ya wote, maana yake hayakuwa ya mtu. Miti michache iliyobaki ikageuka kuni, mkaa na nguzo.

Kurudi kwa miti

Ikafika mahali Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwalimu Nyerere aliutembelea mkoa huo mwaka 1984 na kushtushwa na alichokiona. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa kifupi cha HASHI, uliofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Norway na baadaye kushirikiana na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa hazikuzidi takribani hekta 600 katika mkoa wenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 50,000.

Mradi ulianza kama miradi mingi inavyoanza: vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na kampeni za kuipanda. Lakini wananchi walionyesha kwamba wanaitaka miti wanayoijua, na mahali wanapotaka miti hiyo irudi wanapafahamu. Mradi ukawasikiliza. Kuanzia hapo kazi kubwa haikuwa kupanda, ikawa kuacha. Chini ya ardhi iliyoonekana kufa kulikuwa na mizizi na visiki vilivyo hai. Eneo likizuiliwa mifugo na shoka kwa misimu michache, migunga na jamii nyingine za miti ya asili huchipua zenyewe. Huko Dodoma siku hizi njia iliyo ndugu na hii inajulikana kwa jina la Kisiki Hai, na jina hilo lina ukweli mwingi ndani yake.

Mradi ulipofungwa mwaka 2004, makadirio ya eneo lililorejeshwa yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800. Utafiti ulioongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kwamba faida itokanayo na ngitili, yaani kuni, malisho, dawa, asali, nguzo, nyasi za kuezekea na maji, ilifikia dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania kwa mwezi ulikuwa dola 8.50. Faida hii haikumfikia mtu kama mshahara. Ilimfikia kama saa ambazo mama hakuzitumia tena kutafuta kuni mbali, na kama ng'ombe aliyevuka Oktoba akiwa hai.

Nani aliilinda? Swali hili ndilo kiini. Askari wa misitu walikuwa wachache mno kuulinda mkoa mzima. Sheria za ngitili zilijadiliwa katika dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, na baadhi yake zikapitishwa na serikali za vijiji kuwa sheria ndogo. Usimamizi ulifanywa kwa msaada wa sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Yapo mengi ya kuwashutumu sungusungu kuhusu haki za watuhumiwa, na mwanasheria yeyote atayataja. Hata hivyo, kijijini watu walimwogopa na kumheshimu jirani aliyekula kiapo pamoja nao kuliko ofisa aliyekuja na gari mara moja kwa mwaka. Faini iliyotozwa kwa kuingiza ng'ombe katika ngitili ya mwenzako ilikuwa uamuzi wa watu unaoonana nao kisimani. Faini ya mwaka 1950 kwa kosa kama hilo ilikuwa ya dola. Kitendo kilikuwa kile kile, na uhalali wake ukawa mwingine kabisa.

Njia nyingine ilikuwapo

Ili tuione vizuri tofauti hiyo, tuitazame Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, miaka 13 kabla ya HASHI. Milima ya Kondoa Irangi ilikuwa imeliwa na makorongo. Mwaka 1979 serikali iliamua mifugo yote iondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256, na makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakaondolewa. Uoto ulirudi, tena kwa haraka, na hakuna anayeweza kuukana ushahidi wa milima ile. Lakini gharama ilibebwa na mfugaji aliyeambiwa aondoke bila kuulizwa aende wapi, na mifugo ikahamishia uzito wake kwa majirani. Ufugaji wa ndani, uliompa mwananchi sehemu katika faida ya hifadhi, ulikuja baadaye, karibu miaka kumi ikiwa imepita.

Kondoa inatufundisha kwamba amri inaweza kurudisha nyasi. Shinyanga inatufundisha kwamba ridhaa inaweza kurudisha nyasi, ng'ombe wakabaki. Mtumishi wa umma anayeandaa mpango wa kurejesha uoto leo anachagua mojawapo ya njia hizo mbili, ajue au asijue.

Sidai kwamba Shinyanga ni pepo. Ngitili nyingi ni za familia, na familia yenye ardhi kubwa hupata ngitili kubwa. Kaya zisizo na ardhi ya kutosha hutegemea zile za jumuiya, ambazo ndizo rahisi kumegwa wakati wa uchaguzi au kiongozi anapobadilika. Wanawake, ambao ndio wanaojua zaidi kuni na maji viko wapi, hawakuwa wasemaji wakuu katika dagashida. Kurejesha msitu bila kuuliza mgawanyo wa matunda yake ni kuupa ukosefu wa usawa kivuli cha kukaa.

Sheria inasemaje

Sasa nirudi kwenye maneno yale mawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inapoeleza ardhi ya kijiji ni ipi, inaitaja pia ardhi iliyopumzishwa na ardhi ya malisho. Kwa sheria hiyo, kupumzisha ni kutumia. Lakini Sheria ya Ardhi, Namba 4, iliyotungwa mwaka huo huo na Bunge hilo hilo, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, inajumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ardhi ya jumla iko chini ya mamlaka ya Kamishna wa Ardhi. Ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake. Wanasheria wamelibishania pengo hilo tangu siku hiyo, na bado halijazibwa.

Tafakari maana yake kwa mwenye ngitili. Anaambiwa na mradi mmoja aiache ardhi yake ipumzike kwa faida ya mazingira. Kadiri anavyotii, ndivyo ardhi hiyo inavyozidi kufanana na ile ambayo sheria nyingine inaiita isiyotumika. Jirani yake aliyefyeka kila kitu na kupanda mtama mbaya hadi mpakani ana ushahidi wa matumizi. Yeye aliyehifadhi ana nyasi. Mfumo wa namna hii unamwadhibu mhifadhi na kumlinda mharibifu, na hakuna semina ya mazingira itakayoweza kushindana nao.

Hatari hii inakua kwa sababu msitu sasa una bei. Ngitili za Shinyanga na Kahama zilikwisha kuwa miongoni mwa maeneo ya majaribio ya MKUHUMI, mpango wa kuzilipa jamii kwa kutunza misitu inayohifadhi kaboni, na mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni. Fedha ikija, maswali ya nani mwenye ardhi hayatabaki ya kitaaluma. Mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kukubali au kukataa ardhi yake kuhamishwa kuwa ya jumla ikiwa haizidi hekta 250. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kupokea mapendekezo ya kijiji. Miradi ya kaboni haitafuti hekta 250.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo yako mambo matatu yanayowezekana kufanyika bila kungoja mfadhili. Kwanza, tafsiri ya ardhi ya jumla katika Sheria Namba 4 irekebishwe, na maneno yanayoimeza ardhi ya kijiji isiyotumika yaondolewe. Pili, kila mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji uitaje ngitili kwa jina na mipaka yake, ya familia iandikiwe hati ya hakimiliki ya kimila na ya jumuiya itangazwe kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji kama Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavyoruhusu. Tatu, mkataba wowote wa kaboni usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ukiwa na muda wake, mgawanyo wa fedha na haki ya kijiji kujitoa.

Mwanafunzi unayesoma makala hii na kutafuta mada ya tasnifu, hapa ipo kazi: chukua kijiji kimoja, orodhesha ngitili zilizokuwapo mwaka 2004, kisha uende ukaone zipi zimebaki na nani anazo hati. Nawe mtumishi wa umma unayejaza jedwali la hekta milioni 5.2, utakapofika kwenye safu ya ardhi isiyotumika, usiijaze kabla hujafika kijijini kuuliza ilipumzishwa na nani.